Wasoma Uzio wa Furahani

Jumanne asubuhi nilihamisha ngazi. Niliitoa upande wa kushoto wa banda nikaiegemeza upande wa kulia, karibu na bomba la mvuke, mahali ambapo mtu aliyekaa kwenye mawe nje ya uzio anaiona bila shida. Juu yake nikatundika ndoo ya rangi nyekundu, kifuniko nimekiacha wazi kidogo. Halafu nikaingia ndani kunywa chai.

Chai haijapoa, simu ilikuwa inatapatapa mezani kama kuku aliyefungwa miguu.

"Ngazi imehama!" aliandika mmoja.

"Nyekundu ileile ya Mirihi," aliandika mwingine, na chini yake picha ya ndoo imekuzwa mpaka unaliona tone lililokaukia pembeni. Wa tatu alipima kivuli cha ngazi akapata kwamba mafundi walianza kazi saa moja kamili. Kwa hiyo ni zamu ya dharura. Kwa hiyo tarehe imekaribia. Bwana mmoja wa Bukoba, ambaye nina hakika hajawahi kukanyaga Singida, alichora ramani nzima ya njia mpya ya reli, na mashimo ya Mirihi, na mahali pa kuuzia barafu.

Nikainuka kwenda ofisini kutazama kipimo. Asubuhi kilikuwa kinasoma thelathini na nane. Sasa sabini na sita.

Miezi mitatu mingine ya joto ilikuwa imepatikana, kwa ndoo moja.

Pale Furahani, bustani yetu ya michezo hapa Singida, hakuna mtu anayeamua umeme uende wapi. Kuna mashine inayosikiliza watu wanazungumzia nini, mitandaoni, kwenye mabasi, popote penye kinasa sauti, na kila mchezo wa bustani unapewa alama yake. Mchezo ukizungumzwa sana unapata umeme. Ukishuka chini ya arobaini kwa wiki nzima unakatiwa, na hakuna wa kumpigia magoti. Siku ya kwanza ndoo niliisahau tu pale juu, kwa uzee. Hizo nyingine sikusahau.

*

Ndani ya banda ndimo lilimokuwa Gulio, mchezo wetu wa zamani. Zamani ulikuwa unapanda mkokoteni, mkokoteni unatembea wenyewe juu ya reli, unapita katikati ya soko la siku za babu zetu, na wauzaji wanakuita. Wauzaji hao walikuwa masanamu, lakini si ya kutikisa vichwa tu. Yalikuwa yanakukumbuka. Ukirudi baada ya miaka miwili, muuza dagaa anakuuliza kama yule mkwe wako mkorofi amepona mguu. Watu walikuwa wanakuja mara kumi, mara ishirini, si kwa ajili ya mkokoteni bali kwa kule kukumbukwa.

Nitaeleza nilivyoelezwa, kwa kuwa mengine sijayaelewa mpaka leo. Kila sanamu lilikuwa na mtungi wa maji ya chumvi kifuani. Chumvi yenyewe ilitoka kwenye ziwa hapo Singida, wakaichanganya na vitu vyao. Humo ndani ndimo yanamokaa maneno. Mtu mzima, mwenye damu, alikaa miezi tisa akizungumza mbele ya mashine, na chumvi ikajipanga kwa kumfuata. Ikiwa na joto la nyuzi arobaini na moja, inafikiri. Ikipoa inaganda. Unaweza kuiyeyusha tena ukitaka, lakini inakuwa chumvi ya kawaida, unaweza kuipikia maharage.

Walikuwa thelathini. Nilipopewa kazi ya kutunza joto walikuwa wamebaki saba.

"Mzee Kitundu!" aliniita Namkunda, muuza tangawizi. "Leo viatu vinafanana! Nani kafa?"

"Nimeamka vizuri tu."

"Usinidanganye. Mtu anayetembea kama wewe, leo Mpanda kesho Kibaya, akivaa viatu vya jozi moja ujue anaitwa polisi."

Wenzake wakacheka. Muuza dagaa, muuza vitumbua, mnoa visu na wengine. Waliketi nyuma ya vibanda vyao, vumbi mabegani, taa moja tu inawaka juu. Nilipita na tambara nikiwafuta nyuso.

"Wateja lini?" Namkunda akauliza nilipofika kwake.

"Mwezi ujao."

"Hiyo ni ya sitini na mbili."

"Unahesabu?"

"Sina tangawizi ya kuhesabu, mzee. Nahesabu wewe." Kidole chake kilikuwa kinagonga mbao ya kibanda. "Sikulaumu. Ila mtu anayeniambia mwezi ujao huwa hanitazami. Wewe pia."

Nilikuwa nafuta kibanda, kwa kweli.

*

Jumapili wanakuja wasoma uzio. Hilo ndilo jina walilojipa. Wanakuja na viti vya kukunja, darubini, chupa za chai, na wanakaa kwenye mawe kutwa nzima wakitazama mabati. Wanasoma kila kitu: rangi ya turubai, namba za vibali, matope kwenye matairi, ndege wanatua wapi. Nami huwa natoka kukaa nao, kwa sababu mtu anayejificha ndiye anayetiliwa shaka.

Mwanzo wao ulikuwa tangazo. Miaka sita iliyopita, siku Gulio lilipofungwa, ilibandikwa picha kubwa langoni: sayari nyekundu, mkokoteni unaruka, na maandishi kwamba Safari ya Mirihi inafunguliwa baada ya miezi kumi na minne, na wauzaji wetu wapendwa watakuwa humo ndani wakiwa na mavazi mapya. Miezi ikaisha. Likaja tangazo la pili, safari hii ni ufalme wa chini ya bahari. Halafu hakuna kitu. Jua likaipausha picha mpaka Mirihi ikawa kama ugali.

"Nawaambia ni Mirihi na itakuwa kabla ya mvua," alisema Ndekirwa, Mchaga mmoja mnene wa Machame ambaye aliacha kazi ya ualimu akabaki na darubini. "Wauzaji watavishwa kofia za kioo. Namkunda atauza tangawizi ya angani."

"Wewe ulisema kabla ya mvua mwaka jana," alijibu Mama Namkunda.

"Mvua ndiyo iliyowahi."

"Nitakushtaki."

"Mnamsikia Mpare? Huyu akikanyagwa na kuku anatafuta wakili."

"Na wewe ungemuuza huyo kuku kabla hajaniondoka mguuni."

Walicheka wote, na mama mwenyewe akacheka, halafu akashika goti kwa maumivu. Mama Namkunda alikuwa ndiye bingwa wao. Akiandika yeye, watu elfu arobaini wanasoma. Alikuwa akiuza chakula Same, akaacha, akapanga chumba hatua mia mbili kutoka langoni, na kila siku tangu hapo alikuja na daftari akaandika alichokiona. Muuza tangawizi alitokana na mwanawe. Namkunda mwenyewe, binti wa damu, alifariki kwa homa ya ini miaka mitatu baada ya kuzungumza na ile mashine, na Gulio likafungwa kabla mama hajawahi kuingia.

Miguu ya mama ilikuwa imevimba mpaka kandambili zilikuwa zinamwachia alama. Simu yake ikalia. Niliisikia sauti ya mdogo wake upande wa pili.

"Dada, kitanda kimepatikana Moshi. Daktari anasema figo hazingoji. Njoo wiki hii."

"Naetwe, ngazi imehama."

"Dada!"

"Na rangi iko juu. Nikiondoka leo, kesho wanafungua, na mimi nitakuwa nimelala na mpira mkononi. Nipe mwezi mmoja. Mwezi ujao."

Akakata simu. Akanigeukia akitabasamu. "Si umeiona ngazi, Mzee Kitundu? Wewe uko ndani."

"Nimeiona," nikasema.

*

Jumatatu nilikwenda kwa meneja, Bwana Ambakisye. Mtu mpole, kijana wa Tukuyu, anakuamkia kabla hujafika mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nataka kujua kitu kimoja. Mirihi ipo?"

Akaangalia mikono yake. "Ulikuwa hujui?"

"Mimi natunza joto tu."

"Haijawahi kuwapo. Siku ile ya kufunga watu walikuwa wanalia pale langoni, watoto, wazee, mpaka askari walishindwa. Mtu mmoja wa ofisini akasema tuwape picha. Ikachorwa kwa saa mbili. Watu wakaacha kulia, wakaanza kubishana. Basi tukaona, kumbe picha inatosha." Akanyanyua mabega. "Hakuna aliyeamua kudanganya, mzee. Ilikuwa huruma."

"Na wale saba?"

"Kipimo kikiwa juu, wanakaa. Kikishuka, wanapoa. Mimi mwenyewe siwezi kuongeza wala kupunguza. Ila mzee, hicho unachokifanya huko na hizo ngazi..." Akainuka kufunga dirisha. "Mimi sijakiona."

Nilirudi njia ndefu, kando ya reli za zamani. Nimelala kwenye miji mingi nikaondoka bila kuaga, na sikuwahi kuhisi kwamba nimemfunga mtu kamba. Sasa nilikuwa na saba ndani na mmoja nje. Wa ndani wakipata joto, wa nje anakufa. Nikimwambia wa nje ukweli, wa ndani wanaganda. Nilijaribu kutafuta mlango wa tatu mpaka saa saba mchana. Haukuwapo.

Nikamkuta kwenye jiwe lake, peke yake, daftari magotini.

"Mama Namkunda. Ngazi niliihamisha mimi."

"Ndiyo, si ndiyo kazi yako?"

"Hakuna kazi. Hakuna Mirihi. Niliihamisha ili muione."

Akafungua daftari nyuma, akalamba kidole, akaanza kupekua.

"Turubai la bluu, mwezi wa sita?"

"Mimi."

"Udongo mwekundu mlangoni?"

"Mimi. Niliuchota kwa toroli."

"Kelele za nyundo, siku tatu mfululizo?"

"Nilikuwa napiga ndoo."

"Njiwa walioondoka darini?"

"Njiwa waliondoka wenyewe."

"Basi kimoja kilikuwa cha kweli," akasema. Akafunga daftari. Nilitegemea anitukane, na nilikuwa tayari. Badala yake akauliza kwa nini, nami nikamweleza yote, kipimo, arobaini, mitungi, watu elfu arobaini wanaosoma maandishi yake.

"Kwa hiyo nikiandika, anapata joto."

"Ndiyo."

"Miaka sita namwashia moto mwanangu na sijui." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Ungeniambia, mwanaharamu wewe. Ungeniambia ningeandika vizuri zaidi."

Baadaye kidogo akasema, "Nipeleke nimwone."

*

Nilimshika mkono tukaingia kwa mlango wa mafundi. Nikawasha taa zote, hata zile nilizokatazwa.

"Karibu, karibu mama wa mwendo wa kobe!" Namkunda akaita. "Mzee, umeniletea mteja kweli? Au na yeye ni wa mwezi ujao?"

Mama alisimama mbele ya kibanda. Akamsalimu kwa Kipare. Akaongeza maneno mengine, mengi, taratibu, yale mama anayomwambia mtoto.

Namkunda akainamisha kichwa. "Samahani mama, hiyo lugha nasikia kidogo tu. Hapa walitaka Kiswahili."

Nilimsogezea mama kreti akakaa. Chumvi ilichukua maneno ya Namkunda, haikuchukua macho yake wala maneno ambayo mashine haikuyataka.

"Tangawizi unauzaje?" mama akauliza kwa Kiswahili.

Wakapatana bei. Sijawahi kuona watu wanabishana vile. Mama aliikandia tangawizi kwamba ni ya mpira, na kweli ilikuwa ya mpira, na Namkunda akamjibu kwamba ndiyo inayodumu. Mama alicheka huku machozi yanashuka. Mwisho akauliza, "Na mama yako yuko wapi?"

"Yuko kijijini Mamba, anapalilia. Yule humwezi. Mtu asiyejua kungoja! Basi likichelewa kidogo tu utamwona anakata kona, anatembea kwa miguu na mzigo kichwani. Namwambia mama, subiri. Ananiambia, kungoja ni kazi ya wafu." Akacheka peke yake. "Na wewe mama, unangoja nini?"

Nilisikia maji ya moto yakipita kwenye bomba.

"Mimi nimekuja kukwambia kitu," akasema. "Gulio limevunjika."

"Limevunjika? Si ni asubuhi?"

"Limevunjika zamani, mwanangu. Wateja walishaondoka wote. Hamkuambiwa tu."

Namkunda akanigeukia. Macho yake yalikuwa vioo viwili vya bei rahisi, lakini nilishindwa kuyatazama, halafu nikayatazama.

"Kweli, mzee?"

"Kweli. Hakuna mwezi ujao."

Kidole chake kikaacha kugonga mbao. Kwenye mchezo ule siku zote ilikuwa asubuhi, mkokoteni unaingia na kutoka na soko ndiyo kwanza linachangamka. Hakuna aliyewahi kuwafundisha jioni yake. Lakini watu waliozungumza na zile mashine walikuwa wafanyabiashara wa kweli, na jambo hilo walikuwa nalo ndani.

"Jamani!" Namkunda akapaza sauti. "Limevunjika! Funikeni!"

Muuza vitumbua akaanza kupanga sahani. Viungo vyake vilikuwa na kutu, vinalia kwi, kwi. Muuza dagaa akauliza, "Na kilichobaki?" Akajibiwa agawie jirani. Mnoa visu akasimamisha gurudumu lake, akalivua mkanda. Waliitana majina, waliagana, walichokozana nani ameuza kidogo kuliko wote, na Namkunda akakusanya tangawizi yote ya mpira, akamtilia mama kwenye kitenge.

"Chukua, sitairudisha nyumbani. Na huo mguu, mama, usiukalie hivyo. Nenda katazamwe."

"Nitakwenda," alisema mama yake.

Jumatano asubuhi Naetwe alikuja kumchukua. Mama alipanda basi na kitenge kile mapajani. Aliniambia maneno mawili dirishani: nisihamishe tena ngazi, na niwaambie wenzake.

*

Niliwaandikia Alhamisi. Mimi si mwandishi, lakini nilitaja kila kitu, ngazi, turubai, ndoo, toroli, nikaweka jina langu na picha ya uso wangu. Nikaandika kwamba hakuna Mirihi, nendeni nyumbani, nisameheni.

Nikakaa kusubiri matusi.

"Mtu hatoi taarifa kama hii bila kutumwa," aliandika Ndekirwa. "Wanataka tutawanyike wakati wanaingiza mitambo."

"Na kwa nini leo? Kwa nini si mwaka jana?"

"Nyuma ya mzee kwenye picha kuna bomba jipya."

Bomba lilikuwa la zamani, nililifuta vumbi tu. Walipoona Mama Namkunda hayuko kwenye jiwe lake, wakasema ameitwa ndani kusaini mkataba wa siri. Jioni kulikuwa na watu mia tatu kwenye mawe. Ijumaa asubuhi kipimo kilisoma tisini na nne, na Bwana Ambakisye akaja mbio, koti mkononi.

"Mzee, umewafanya nini? Mashine imetoa joto la mwaka mzima!"

Nilikwenda bandani. Walikuwa wameketi kama tulivyowaacha, bidhaa zimefunikwa, vitambaa vimekunjwa, mikono magotini. Siku nne.

"Mbona bado tupo?" Namkunda akauliza.

Nikamweleza.

"Nimeshafunga mzigo, mzee. Nitaukalia mpaka lini?"

"Mwaka mmoja umeshatolewa. Na wale hawataacha kusema. Labda na mwingine."

"Nani anaweza kuzima?"

Koki ilikuwa moja, gurudumu la chuma ukutani. Yeyote mwenye mikono.

Niliwauliza mmoja mmoja, kwa majina. Watano walikubali upesi, kama watu waliochoka kusimama. Namkunda alishasema. Mnoa visu alisema yeye, kama ni hiari, angependa kungoja kidogo. Nikamwambia bomba ni moja. Akanitazama tu. Namkunda akamwambia, "Sogea, tutaongozana," na yule hakusema ndiyo, na hakusema tena hapana. Hilo nimelibeba, sijapata pa kulitua.

Nikazungusha gurudumu. Lilikuwa gumu, nikaning'inia nalo kwa uzito wote. Maji yakaacha kupita, nikasikia kimya kikitembea kwenye bomba kutoka kibanda hadi kibanda. Nikavuta kreti nikakaa karibu na Namkunda. Alizungumza kwa muda wa saa moja na nusu hivi, kuhusu njia ya kutoka sokoni kwenda Mamba, mahali penye mteremko, mahali pa kupumzikia. Maneno yalianza kuachana. Kwenye kilima cha pili akasema, "Hapa huwa nabadilisha bega," na hapo hakuendelea.

Mvuke wote uliokosa pa kwenda ukapanda bombani, ukafumuka juu ya paa, mweupe, kwa mlio mrefu. Sijawahi kuufungulia hivyo kwa miaka yote.

Nje kukatokea kelele. Nilidhani mtu ameumia. Nikaweka mkono kifuani kwa Namkunda, chuma kimeanza kuwa baridi, na nikasikiliza vizuri. Walikuwa wanapiga makofi. Watu mia tatu, wanapiga vigelegele, wanakumbatiana, na sauti ya Ndekirwa juu ya zote: "Wanajaribu mitambo! Jamani, wanafungua!"